Kidani cha Ua la Boga

Aliitwa Mama Maua ingawa hakuwa na bustani. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kiwanja cha saruji, kamba ya kuanikia nguo, na shina moja la maboga lililojiotea lenyewe kando ya shimo la taka. Maua yaliyompa jina hayakuhitaji maji. Yalikuwa ya fedha, ya shaba, mengine ya chuma, na aliyatengeneza kwa mikono yake katika chumba cha mbele.

Alikuwa sonara, na ufundi aliupata kwa baba yake. Chumba kile kilikuwa na meza ndefu iliyoungua huku na huku, koleo za kila aina zikining'inia ukutani, fuawe juu ya gogo, mtungi mdogo wa gesi, na bakuli la tindikali ambalo alilifunika kwa sahani, kwa sababu kuku wa jirani hakuwa na adabu na aliingia popote.

Mtu akija kuagiza pete au hereni, hakuulizwa anataka ua gani. Aliulizwa, "Unataka kusema nini?" Wengine walicheka, wengine walitazama mlango, lakini wakishakaa kwenye kiti cha wateja walianza kumwaga ya moyoni kama waliofunguliwa bomba. Mwanamke aliyeachwa na mumewe alitoka pale na hereni za waridi, petali za nje zimejikunja kama mdomo wa mtu anayezuia kilio. Fundi viatu aliyepatana na kaka yake baada ya ugomvi mrefu alipewa pini ya shati: yasmini mbili kwenye kikonyo kimoja, zinatazamana kwa haya. Na mzee mmoja aliyefiwa na mkewe alitengenezewa yungiyungi la chuma la kuweka kaburini, kubwa, limeinama upande mmoja tu, upande ule ambao mzee alikuwa akilala.

Mumewe alikuwa fundi pampu wa idara ya maji. Jina lake kila mtu alikuwa amelisahau, walimwita Kimya. Hakuwa mkali wala hakuwa na kiburi. Alikuwa tu hana maneno. Wageni walipokuja alisalimia, akatabasamu, akakaa, na walipoondoka aliwasindikiza mpaka barabarani bila kutia neno lingine. Mkewe aliongea kwa niaba ya wote wawili, na jirani walisema hesabu ya nyumba ile imetoka sawasawa.

Zamani, binti yao alipokuwa bado mdogo, Mama Maua alipiga moyo konde akamwuliza, "Hivi wewe unanipenda?"

Kimya alikuwa chini ya sinki, anakaza bomba. Alitoka, akafuta mikono kwa tambara, akafikiri.

"Si nipo?" akasema. Kisha akarudi chini ya sinki.

Jibu lile Mama Maua aliwasimulia mashoga zake kama kichekesho, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Naye alicheka nao. Lakini alipobaki peke yake alijiona mjinga kwa kuuliza, na hakuuliza tena.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo hakumsimulia mtu. Mtoto wao wa kwanza, mvulana, alikufa kabla hajajifunza kutembea. Siku iliyofuata maziko, nyumba ikiwa bado imejaa watu, Kimya alivaa ovaroli akaenda kazini. Mama Maua alikuwa amekaa sakafuni kati ya wanawake wenzake. Aliuona mgongo wa mumewe ukipita mlangoni, ukitoka nje, ukienda kutengeneza pampu. Hakumgombeza. Hakumwuliza. Walipata mtoto mwingine, binti, wakamlea, wakamsomesha, wakazeeka pamoja. Na muda wote ule mgongo ulikuwa ndani yake kama kipande cha waya kilichozama kidoleni, ambacho unaweza kukisahau mwezi mzima mpaka siku utakapogusa kitu vibaya.

Kimya alipostaafu ndipo alipoanza kupotea. Kwanza vilipotea vitu. Spana ilikutwa kwenye friji, wakacheka. Miwani ikakutwa ndani ya kiatu, wakacheka kidogo. Kisha akapotea mwenyewe, akitoka dukani, mtaa wa pili tu kutoka nyumbani, na aliyemrudisha alisema alimkuta amesimama mbele ya mita ya maji ya watu akiisikiliza. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba ubongo unazeeka haraka kuliko mwili, kwamba hakuna dawa ya kuurudisha, na kwamba wanaomtunza nao wajitunze. Binti alilia kwenye korido. Mama Maua alijikaza, maana mumewe alikuwa amemshika mkono kama mtoto.

Baadaye hata ule mkono aliuacha. Aliamka asubuhi akamtazama mkewe kwa adabu, kama mgeni anavyomtazama mwenyeji aliyempa mahali pa kulala. Akipewa chai alisema, "Asante sana, mama." Akipewa maji ya kuoga alisema, "Nakusumbua." Mama Maua alizoea. Tuseme alijaribu kuzoea.

Asubuhi moja, akiwa mezani anapiga msasa bangili, alisikia mlango wa barabarani unabishwa.

"Hodi, fundi."

Alikuwa Kimya. Alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, akaizunguka nyumba yake mwenyewe, na sasa amesimama kizingitini amevaa shati la kutokea, vifungo vimepishana. Mama Maua alifungua mdomo ili amwulize kulikoni, lakini yeye alikuwa ameshaanza.

"Nimesikia sifa zako. Nataka unitengenezee kidani. Cha mke wangu."

Mama Maua alidhani ni mzaha. Kisha akakumbuka kwamba mume wake hakuwahi kumfanyia mtu mzaha maishani mwake. Aliweka bangili chini polepole.

"Karibu ukae," akasema. Na kwa kuwa hakujua aseme nini kingine, alisema alilozoea kuwaambia wateja wote. "Unataka kusema nini?"

Kimya alikaa. Aliweka mikono magotini. Akaanza kuongea, na Mama Maua, aliyeishi naye tangu ujana, alisikia kwa mara ya kwanza sauti ya mumewe ikienda mfululizo.

"Mimi sijui kusema. Ndiyo maana nimekuja kwako. Nilimwona kwao, nilipokwenda kutengeneza pampu ya baba yake. Alikuwa amekaa anapiga tupa kipande cha shaba, ana masizi puani, hajui kama anayo. Ile pampu haikuwa mbovu, fundi. Mpira tu ulikuwa umechakaa. Lakini niliifungua yote. Nikaifunga. Nikaifungua tena. Baba yake akasema kijana huyu hajui kazi, nani amemleta."

Mama Maua alishika ukingo wa meza. Baba yake alisema hivyo kweli, kwa sauti, na yeye alicheka. Miaka yote aliamini kwamba mumewe alikuwa mzito wa kazi ujanani.

"Ukaogopa kumsemesha?" aliuliza.

"Niliogopa sana. Naogopa mpaka leo."

"Anapenda ua gani?"

"Ua la boga," alisema pale pale. "Aliniambia wenzake wanapenda waridi, lakini waridi linajisikia. Ua la boga lina kazi ya kufanya."

Alikuwa amemwambia hayo wakiwa wachumba, mara moja, kwa kupiga soga tu. Yeye mwenyewe alikuwa amesahau.

Kuanzia hapo Kimya alikuja karibu kila asubuhi. Siku nyingine alikumbuka kwamba ameshaagiza, akataka kuona kazi imefika wapi, siku nyingine alianza upya, "Nimesikia sifa zako." Mama Maua alimpokea kama mteja. Alinunua fedha nzuri, akaifua mpaka ikawa bamba jembamba, akakata petali tano pana kama za ua la boga, akazichora mishipa kwa ncha ya patasi. Alifanya taratibu kupita kawaida yake, kwa sababu alijua kazi ikiisha na mteja ataacha kuja.

Binti yao, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji upande wa pili wa mji, alikuja kumsaidia mwisho wa juma, akayakuta hayo. Alimvuta mama yake jikoni.

"Mama, unamdanganya baba."

"Simdanganyi. Ananiagiza kazi, nafanya."

"Mwambie wewe ndiye mke wake."

"Mwanangu," Mama Maua alisema, huku akikoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa, "maneno haya nimeyangoja tangu hujazaliwa. Leo yamefika. Niyafukuze kwa kuwa yamekosea mlango?"

 Binti alichukua mwiko mkononi mwa mama yake, akazima jiko.

Halafu ikaja ile asubuhi ya mvua. Kimya alikuja ameloa kwa kule kuizunguka nyumba, akakaa, akatazama petali zilizopangwa juu ya kitambaa.

"Fundi, unaweza kuweka na huzuni humo?"

"Huzuni ya nini?"

"Tulikuwa na mtoto. Mvulana." Aliigusa petali moja, na Mama Maua alidhani ameshasahau alichotaka kusema. Lakini alikuwa anatafuta pa kushikia. "Tulipomzika, kesho yake nilikwenda kazini. Pale kituoni tulikuwa na mashine nne kubwa. Niliziwasha zote, hata ile mbovu. Zikipiga kelele kwa pamoja, mtu akiwa ndani hata akipiga ukunga hasikiki. Nililia pale mpaka nikaishiwa. Kisha nikanawa uso, nikarudi nyumbani. Mke wangu hakunitazama. Nikasema, kesho nitamwambia. Kesho nikaona haya. Halafu ikawa muda umepita."

Koleo lilimponyoka Mama Maua, likagonga sakafu.

"Kwa nini hukulia naye?" Sauti yake haikuwa ya fundi tena. "Kwa nini hukulia pale pale, naye akuone?"

"Kama na mimi ningelia," alisema Kimya, "nani angemshika mwenzake?"

"Lakini hukumshika!"

"Ndiyo," alisema. "Sikumshika."

Mama Maua alizunguka meza. Alipiga magoti mbele ya kiti cha wateja, akamshika mume wake mikono yote miwili, akamwambia kila kitu kwa mkupuo: kwamba ni yeye, kwamba ndiye yule mwenye masizi puani, kwamba mtoto alikuwa wao, kwamba amemsamehe, sasa hivi, hapa hapa, na yeye amsamehe, kwa sababu alimchukia kwa ajili ya mgongo na hakuwahi kutazama uso.

Kimya alijaribu kuitoa mikono yake. Alikuwa ameona haya mpaka masikio yamebadilika rangi.

"Dada, nakuheshimu kama fundi," alisema. "Mimi nina mke. Tafadhali usinivunjie heshima."

Akasimama, akafunga kifungo cha juu cha shati, akatoka mvuani.

Mama Maua alibaki pale chini. Baada ya kitambo alisikia mlango wa nyuma ukifunguka, na sauti ya binti yake ikisema, "Baba, umeloa, njoo ukaushe kichwa." Kesho yake Kimya alibisha hodi kama kawaida, hana kinyongo, hana habari. Mama Maua hakumwambia tena kwamba ni yeye.

Huzuni aliiweka. Katikati kabisa ya ua, mahali ambapo mtu asipoinamisha kichwa hawezi kupaona, alilehemu tumba dogo la shaba nyekundu lililofumba, dogo kama punje ya mtama, ambalo halitafunguka. Petali nne alizifungua wazi. Ya tano aliiacha imejikunja nusu, kwa ajili ya woga.

Ikabaki kupima mkufu. Alimwuliza mteja wake shingo ya mkewe ina ukubwa gani. Kimya aliunganisha vidole vyake hewani akatengeneza duara, kwa uangalifu, kama aliyeizoea. Mama Maua alizungushia uzi vidole vile, akakata mkufu kwa kipimo cha uzi. Alipomaliza kung'arisha alisimama mbele ya kioo, akajaribu kukivaa kidani. Ndoano hazikukutana. Shingo ile ilikuwa ya msichana. Angeweza kuongeza pete chache za mkufu; ni kazi ndogo kuliko kumenya kitunguu. Alikaa na koleo mkononi, akafikiri, kisha akakiacha kama mteja alivyotaka.

Alimkabidhi kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa. Kimya alikifungua, akainamisha kichwa, akaliona tumba, akaligusa kwa ncha ya kidole.

"Ataelewa," alisema.

"Ataelewa," alisema Mama Maua.

Jioni ile alioga mapema. Alivaa gauni lake la kijani, akachana nywele, akakaa sebuleni kwenye kochi linalotazama mlango. Binti yao alikuwa jikoni. Mama Maua alijua mkufu haumtoshi, na alijua mumewe hamjui, lakini alijiambia kwamba kama atakuja na kile kidani mkononi, pengine mikono itakumbuka njia yenyewe. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Kimya aliingia na kitambaa kifuani. Alimwona, akamwinamia kwa adabu. "Samahani, mama, napita," alisema. Akapita.

Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, anafuta mikono. Alikuwa amefanana na mama yake tangu kuzaliwa. Picha zao za ujana watu walizichanganya. Kimya alisimama mbele yake.  Alimvisha kidani shingoni, akafunga ndoano, na kikamkaa sawasawa.

"Nimechelewa," alimwambia. "Nilikuwa nakuogopa. Nakupenda tangu siku ya pampu. Na mtoto wetu nilimlilia, usidhani sikumlilia."

Binti alimtazama mama yake juu ya bega la baba. Uso wake ulikuwa unaomba. Mama Maua, kutoka kwenye kochi, alimwashiria kwa kichwa: pokea.

"Asante," binti alisema. "Nimesikia. Asante."

Kimya akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo, akaenda kukaa mezani akangoja chakula.

Binti alitaka kukivua baba yake alipolala. Mama Maua alikataa. "Ukikivua, kesho ataniuliza kama nilikosea kazi." Lilikuwa jaribio la kichekesho, na binti alijaribu kucheka. Lakini Kimya hakuuliza kesho yake wala siku nyingine. Shughuli yake ilikuwa imekwisha. Hakuizunguka nyumba tena, hakubisha hodi tena, na kiti cha wateja kikawa cha wateja wengine. Mama Maua alitega sikio kila asubuhi hata hivyo.

Ndipo hasira ilipomjia, na hakuwa na wa kumkasirikia. Angemkasirikia nani, mgonjwa? Mtoto? Alinunua mabomba ya chuma yaliyotupwa kwenye karakana ya vyuma chakavu, akayapasua, akayapiga, akayachomelea pale kiwanjani nyuma ya nyumba mpaka majirani wakalalamika kwa kelele. Lilitoka ua refu kuliko mtu, petali zake zote zimegeukia ndani, zimekaza kama ngumi. Wanawake waliokuja kuchukua hereni zao walilitazama kupitia dirisha la nyuma. Mmoja aliuliza bei. Mama Maua akamwambia haliuzwi, tena kwa ukali, mpaka baadaye ikambidi amwombe radhi.

Kimya alipenda kukaa karibu nalo, asubuhi jua likiwa changa. Siku moja aliliwekea kiganja.

"Nani ametengeneza hili?"

"Mtu mmoja tu," alisema Mama Maua, aliyekuwa akianika shuka.

"Ameumia," alisema Kimya. Akapapasa chuma taratibu, kama anayembembeleza mnyama. "Ameumia sana huyu. Mpe pole yangu."

"Imefika," alisema Mama Maua, akajificha nyuma ya shuka.

Kimya alidhoofika haraka baada ya hapo. Akaacha kutembea, kisha akaacha kula chakula kigumu. Mkewe alifunga chumba cha mbele, akawarudishia wateja fedha zao walizoleta kufuliwa, akakaa kando ya kitanda. Mchana mmoja, dirisha likiwa wazi, Kimya alimshika mkono. Alipitisha kidole gumba juu ya sugu zake, moja moja.

"Hii ni mikono ya fundi," alisema.

"Ni mimi, fundi."

"Vizuri. Mke wangu hajafika bado?"

 "Bado."

"Akija mwambie nilimngoja. Mwambie hapa nilihudumiwa vizuri, asije akahangaika moyo."

"Nitamwambia."

Alifunga macho. Aliishi siku chache zaidi, lakini hakusema kitu kingine. Akarudi kuwa yule yule aliyemwoa.

Siku ya maziko wanawake wa mtaa walijaa sebuleni. Mama Maua alikaa kati yao, kimya kupita walivyomzoea, na mmoja, ili kumtoa kwenye mawazo, alimwuliza kama marehemu aliacha neno lolote.

"Ameacha ujumbe," alisema.

"Kwa nani?"

"Kwa mke wake."

Wale wanawake walitazamana. Mmoja alimpangusa paji la uso kwa leso, mwingine alinong'ona kwamba msiba umemzidi, aachwe apumzike. Binti alitoka jikoni, kidani kikiwa chini ya kola ya gauni, akaketi sakafuni, bega kwa bega na mama yake. Alingoja mazungumzo ya wengine yarudi, kisha akainamisha kichwa.

"Umeshamfikishia?" aliuliza polepole.

Mama Maua alitazama mikono yake.

"Bado," alisema. "Nimejaribu tangu asubuhi. Siwezi."